Mizani Haipimi Mfupa

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimelala sakafuni kwenye duka la jumla la nafaka. Jiwe la mizani la kilo ishirini lilikuwa hatua moja kutoka kichwani kwangu, na kifundo cha mkono wangu wa kulia kilikuwa kimepinda kama mpini wa kijiko.

Kwa aliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Nina miaka hamsini na moja. Kazi yangu ni kuingia madukani bila kutoa taarifa, kuweka mawe ya serikali juu ya mizani za watu na kusoma kama zinasema kweli. Wafanyabiashara wananiita Mama Gramu, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi.

Miaka miwili iliyopita mume wangu aliondoka. Mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita mdogo wangu, ambaye ni mfamasia, alianza kunipa sindano ya kukata hamu ya kula, moja kila wiki. Nilikuwa na kilo tisini na nane nukta nne. Jumatatu ya wiki niliyoanguka nilikuwa na sitini na sita nukta moja. Namba hizo ni sahihi. Nilijipima kila Jumatatu asubuhi kwenye mizani ya ofisi, ile tunayoitumia kuhakiki nyingine, na kosa lake halizidi gramu ishirini.

Nasema hivyo ili mjue kwamba sikuwa mzembe. Nilikuwa makini kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Daktari wa mifupa niliyemwona kesho yake alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka ishirini hivi. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja yenye kifuniko.

"Ulianguka kutoka wapi, mama?"

"Kutoka hapa nilipo. Nilikuwa nimesimama. Nikainama kuinua jiwe, mgongo ukalia tak, kama kijiti cha kiberiti kinapokatika. Jiwe likaniponyoka, nikaangukia mkono."

"Jiwe la kilo ngapi?"

"Ishirini kamili. Lina cheti."

Akacheka. "Sijawahi kuletewa mgonjwa aliyeumizwa na jiwe lenye cheti."

"Nimeliinua kwa miaka kumi na tisa, daktari. Halijaongezeka hata gramu."

"Basi aliyepungua ni wewe."

Akanisimamisha ukutani, akashusha kibao hadi utosini.

"Kitambulisho chako kinasema sentimita mia moja sitini na saba. Mimi nasoma mia moja sitini na nne na nusu."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nikamwomba aweke alama ya penseli ukutani. Nikatoka, nikageuka, nikasoma mwenyewe. Mia moja sitini na nne na nusu.

Nikakumbuka koti langu la kazi. Kwa miezi mitatu upindo wake ulikuwa ukigusa viatu, na mimi nikagombana na dobi. Dobi wa watu aliapa kwa yote anayoyaamini. Ni dobi gani duniani anayerefusha koti? Sikujiuliza. Uzito nilikuwa naupima kila Jumatatu. Urefu sikuupima kamwe, kwa sababu nilijua kwamba urefu wa mtu mzima haubadiliki.

Daktari akabandika picha za eksirei kwenye taa.

"Pingili mbili za mgongo zimebonyea. Hii ya chini ni ya jana. Hii ya juu ina miezi kadhaa. Hukusikia maumivu?"

"Nilisikia. Nikadhani ni uchovu."

"Hedhi ilikoma lini?"

"Nikiwa na miaka arobaini na mitatu."

"Mapema. Na jana ulikula nini?"

"Kikombe cha chai na nusu ya yai."

"Nusu nyingine?"

"Ilinishinda."

"Juzi je?"

"Juzi nilikula yai jingine. Nalo nusu."

Hakucheka safari hii.

"Ni dawa?" nikamuuliza.

"Nikikwambia ni dawa peke yake nitakuwa nakudanganya. Wapo wengi wanaoitumia vizuri, na wapo iliowaokoa. Lakini mtu akipungua haraka, kwa njia yoyote ile, mwili hauchagui mafuta tu. Unachukua na misuli, unachukua na mfupa. Hamu ikikatika, chakula cha kujenga mfupa nacho hakiingii. Kwa hiyo anayeitumia lazima asimamiwe: ale protini na maziwa hata kama hataki, afanye mazoezi ya nguvu, na kama mifupa yake ina wasiwasi tangu mwanzo, ipimwe kwanza."

"Mimi nilipunguza kilo thelathini na mbili nukta tatu."

"Za nini?"

Kwa miaka kumi na tisa nimewaambia wauza nafaka maneno hayohayo: mizani haijui umeweka nini juu yake, mchele au mchanga. Inajua uzito tu. Nimewatoza watu faini kwa kusahau hilo. Halafu mimi mwenyewe nikapanda juu ya mizani bora kuliko zote za ofisi, kila Jumatatu, nikashangilia namba.

"Sikupimwa mifupa kwanza," nikasema. "Hilo ndilo kosa."

Daktari alikuwa akitazama kompyuta. Akaacha kuandika.

"Lakini ulipimwa."

"Lini?"

"Wiki mbili kabla ya sindano ya kwanza, kwa tarehe ulizonipa. Hapahapa. Ulilala kwenye kitanda, mkono wa mashine ukapita juu yako. Dakika kumi hivi."

Nikakumbuka. Mdogo wangu alitupeleka wawili, mimi na Mama. Alisema ni vipimo vya mwanzo, vya kawaida tu. Siku ya kuchukua majibu mimi nilikuwa kazini mbali na mji. Niliporudi niliambiwa majibu ni safi.

Daktari akasoma, bila kupandisha sauti: "Mifupa ya uti wa mgongo imepungua uimara kwa kiasi kikubwa. Asianze dawa ya kupunguza uzito kabla ya kuonana na daktari wa mifupa. Huenda akavunjika kwa urahisi." "Karatasi ilichukuliwa dirishani. Aliyeichukua: mgonjwa mwenyewe. Ametia sahihi."

"Geuza hicho kioo cha kompyuta."

Akakigeuza. Ilikuwa sahihi yangu. Mkia ule ule, kitanzi kile kile cha juu. Mtu mwingine angeapa kwamba ni yangu.

Ila haikuwa na saa.

Sijawahi, tangu nilipoajiriwa, kutia sahihi bila kuandika saa pembeni. Sheria yetu inataka hivyo, kwa sababu mizani inaweza kuwa nzima saa nne na kuchezewa saa tano. Nimezoea hadi kwenye daftari la rambirambi la jirani niliandika saa, na wafiwa wakanitazama vibaya.

"Si mimi," nikasema.

"Mama, hapa inaonekana..."

"Daktari, najua inavyoonekana. Si mimi."

Akanifunga plasta hadi kwenye kiwiko, akanivika mkanda mgumu wa mgongo. "Mkono utapona. Mgongo tutaulinda. Sindano ya wiki hii usidunge, na rudi Jumatatu tupange matibabu. Lakini mawe usiinue mpaka nitakapokwambia. Na inawezekana nisikwambie."

Mkaguzi asiyeinua jiwe ni mpita njia kama wapita njia wengine. Nilijua hilo nilipokuwa natoka. Lakini kazi ningeilia baadaye. Kwanza nilitaka kujua jambo moja: nani aliisoma karatasi ile kabla ya sindano yangu ya kwanza, akanyamaza.

Duka la dawa la mdogo wangu lina milango miwili ya vioo na kiti kimoja cha kusubiria. Ukutani nyuma ya kaunta nipo mimi. Kushoto ni mimi wa kilo tisini na nane, nimenuna. Kulia ni mimi wa kilo sabini, nacheka. Katikati kuna mshale. Chini ameandika kwa wino mwekundu: MATOKEO HALISI, DAMU YANGU MWENYEWE.

Wateja wawili walikuwa kaunta. Mmoja akanitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena.

"Si ndiye huyu! Dada, hebu tupe siri."

"Plasta," nikamjibu.

Mdogo wangu akageuka. Pakiti ya vidonge ikamdondoka.

"Dada! Nani kakufanya hivi?"

"Ndilo nililokuja kuuliza. Wahudumie hawa, halafu funga mlango."

Akawahudumia, akakosea chenji mara mbili. Akafunga.

Nikamweleza kwa mpangilio: jiwe, mgongo, mkono, karatasi, sahihi. Sikulia. Yeye alianza kulia nilipofika kwenye karatasi, kabla sijafika kwenye sahihi. Nikalitia hilo akilini.

"Ni mimi," akasema. "Nisamehe, dada yangu. Ni mimi niliyetia sahihi. Niliichukua, nikaificha. Nilitaka upone ule unyonge. Ni mimi."

Alisema haraka mno. Mwenye mizani mbovu ndiye anayekukaribisha kwa soda kabla hujafungua mkoba.

"Sawa," nikasema. Nikavuta bahasha ya dawa tupu, nikaweka kalamu juu yake. "Nitilie tena."

"Nini?"

"Sahihi yangu. Ulinitilia mara moja ikamdanganya mhudumu wa dirishani. Nitilie tena."

"Dada, mambo gani haya..."

"Tia."

Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Mdogo wangu ni mashoto tangu kuzaliwa. Akaandika, kiganja kikafuta wino, herufi zikalalia upande wa pili kama watu waliogombana. Haikufanana na yangu hata kwa kipofu.

Jiwe la kilo moja likionyesha gramu mia saba, huhitaji kubishana na mwenye duka. Unamtazama tu.

Akaiweka kalamu chini.

"Usiniulize, Dada."

Sikuwa na haja ya kumuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipojitengenezea sahihi. Sikubuni chochote. Niliiga ya mtu mmoja, mwalimu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowajua, nikabadilisha herufi moja ya mwanzo. Nilikuwa na fahari nayo. Mwenye sahihi yenyewe aliitazama, akasema: "Hii siku moja itatuletea matatizo," tukacheka.

"Mama," nikasema.

Mdogo wangu akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mimi nilikuwa dukani, wewe ulikuwa safarini. Mama alisema atayachukua majibu, hana kazi. Akarudi akasema yako safi."

"Ukaiona karatasi?"

"Dada, ningemwambia Mama, nionyeshe?"

"Ndiyo. Ungemwambia Mama, nionyeshe. Wewe ni mfamasia."

Kazini kwetu kuna kanuni anayofundishwa mkaguzi siku ya kwanza: namba usiyoisoma mwenyewe usiiandike. Ukisomewa na mwenye duka, hata akiwa shehe au padri, haipo. Nami nilikubali "yako safi" kwa sababu iliingia sikioni kutoka kwa watu wawili niliowapenda.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

Akatazama picha zangu ukutani.

"Nauliza tarehe."

"Mwezi wa sita wa sindano," akasema. "Mama aliniambia mwenyewe. Alianza kuwa na hofu. Lakini ulikuwa umeshapungua kilo kumi na tano, Dada. Ulikuwa umeanza kuvaa nguo za rangi. Picha ilikuwa ukutani tayari. Watu walikuwa wanakuja kwa sababu yako. Nikasema moyoni, si ameshavuka? Nikakwambia unywe maziwa. Unakumbuka? Nilikwambia unywe maziwa."

Nilikumbuka. Alinipa pakiti mbili za maziwa ya unga, akanibusu shavuni.

Miezi minane. Alinidunga kila Alhamisi kwa miezi minane akijua. Kila Alhamisi aliuliza mkono au tumbo, nikasema tumbo, akasema usikaze, dada yangu.

"Toa picha yangu," nikasema.

Akapanda juu ya stuli, akaibandua. Gundi ikabaki ukutani, pembe nne. Aliposhuka niliona macho yake yamekwenda kwenye friji ndogo ya dawa, yakarudi. Sikuwa nimesema lolote kuhusu friji.

"Kuna nini humo?"

"Dawa tu."

"Za nani?"

Akafumba macho. "Za Mama."

"Mama wa nani?"

"Mama yetu, Dada! Naye anadunga. Huu mwezi wa nne. Alisema magoti yanamuuma, akipungua atapanda ngazi vizuri. Alisema, dada yako amedunga mwaka mzima na hakuvunjika, ile karatasi iliongopa. Alinikataza nikuambie."

Mama ana miaka sabini na mitatu. Mwili wake haukuwahi kuwa mkubwa. Nilikuwa nimeona mashavu yake yameingia ndani, nikamsifu. Nilimwambia: Mama, umependeza, tumekuwa marika.

"Siku yake ni lini?"

"Alhamisi. Kama wewe."

"Leo ni Alhamisi."

"Najua." Akafungua mkoba wake, akatoa kimfuko cha barafu, ndani yake kuna kalamu moja ya sindano. Akaitia kwenye friji mbele yangu. Akafunga friji kwa ufunguo, akauweka ufunguo juu ya kaunta, karibu na plasta yangu. "Basi. Nimeirudisha. Naapa kwa maziwa tuliyonyonya, sitampa tena."

Nilitazama kalamu. Nilitazama kufuli. Nilisoma mwenyewe, sikusomewa. Nikaridhika.

Ufunguo nikamwachia. Kulikuwa na dawa za watu wengine mle ndani.

Nilitembea hadi kwa Mama, polepole, na mkanda ukinibana kama mtu aliyenikumbatia kwa nyuma na hataki kuniachia. Anakaa ghorofa ya pili. Ngazi ni ishirini na nane. Nilizipanda moja moja nikiwaza kwamba yeye huzipanda kila siku na mfuko wa sokoni mkononi.

Alinifungulia, akaona plasta. Hakupiga kelele. Walimu wa zamani hawapigi kelele wakiona damu, wanatafuta kiti.

"Kaa."

"Nimekaa sana leo."

"Umevunjika."

"Mara tatu. Mkono mara moja, mgongo mara mbili."

Akafunga mlango. Akashika ukingo wa meza, akashuka kwenye kiti taratibu kama anayejiweka kwenye sanduku.

"Umeiona karatasi," akasema.

"Nimeiona sahihi."

"Ni nzuri bado?"

"Umesahau saa."

Akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja, kama nilivyomwona akitabasamu mwanafunzi anapomsahihisha mbele ya darasa. Kisha tabasamu likatoka.

"Nikueleze?"

"Nataka ukweli, Mama. Maelezo nitayatengeneza mwenyewe."

"Ukweli ni huu. Mumeo alipoondoka ulikaa miezi minane hujaongea. Ulikuja hapa kila Jumapili, ukakaa mezani hapa, ukala, ukaosha chombo chako, ukaondoka. Nilihesabu maneno yako. Kuna Jumapili yalikuwa sita. Halafu siku moja ukasema: Mama, nataka kujaribu hiyo sindano. Ndicho kitu cha kwanza ulichotaka. Nikaenda dirishani, nikafungua bahasha kwenye ngazi za hospitali. Karatasi ikasema huenda. Huenda akavunjika. Mimi nilikuwa nakuona unakufa, mwanangu, tena bila huenda."

"Kwa hiyo ulinichagulia."

"Nilikuchagulia ucheke."

"Ulinichagulia nivunjike."

"Sikujua!"

"Ulijua, Mama. Ulisoma, ukakunja, ukaandika jina langu kana kwamba mimi ndiye niliyesoma. Ungenipa karatasi ningekasirika siku mbili, nikaonana na daktari, nikadunga baadaye kwa mpangilio au nisidunge kabisa. Ningekuwa nimechagua. Leo nina miaka hamsini na moja, siwezi kufunga kifungo, na mtu aliyenifundisha kusoma ndiye aliyenificha karatasi."

Aliangalia mikono yake.

"Iko wapi?"

Akanionyesha kabati kwa kidevu. Ndani ya daftari la mahudhurio la shule aliyostaafia, kati ya majina ya watoto ambao sasa ni wazee, nilikuta karatasi yangu, imekunjwa mara nne. Chini yake kulikuwa na bahasha ya hospitali ile ile, tarehe ile ile. Jina la Mama. Gundi haijaguswa.

"Yako hukufungua?"

"Yako ilinitosha."

"Na bado unadunga."

"Nani kakwambia?" Sauti ilipanda kwa mara ya kwanza. "Yule mtoto hajui kufunga mdomo!"

"Simama hapa, Mama."

Mlango wa jikoni kwake una fremu ya mbao ambayo haijapakwa rangi miaka arobaini. Tulipokuwa wadogo, kila shule zilipofunguliwa, alitusimamisha pale na kutupigia mstari wa penseli, jina na mwaka. Mwisho, ili tusione tunaonewa, alisimama yeye, nasi tukapanda kiti tukampigia wa kwake. Mistari yetu ilipanda. Wa kwake ulikuwa mmoja, tumeupitishia penseli mwaka hadi mwaka mpaka mbao ikachimbika.

"Sitaki mchezo," akasema.

"Simama."

Akainuka kwa mikono miwili. Akaenda, akaegemeza mgongo, akanyoosha shingo kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikaweka kiganja changu kizima utosini kwake, bapa, nikasukuma kidole gumba hadi kwenye mbao. Kisha nikapima kwa vidole kutoka hapo hadi kwenye mstari wake wa zamani.

Vinne.

"Ni viatu," akasema. "Siku zile nilivaa viatu."

"Ulikuwa unatuvulisha viatu wote, nawe ukivua. Ulisema anayevaa viatu anaiba."

Aligeuka, akautazama mstari wake juu. Ilimbidi ainue macho. Watu huzeeka na kupungua kimo, hilo nalijua, na vidole vinne havikuondoka katika miezi minne. Lakini mtu aliyekwisha kupoteza vidole vinne hana cha kumpa sindano.

"Fungua basi," akanong'ona. "Soma wewe. Mimi sisomi tena karatasi za hospitali."

Mkono mmoja haufungui bahasha. Nikaishika kwa meno upande wa gundi, nikavuta kwa mkono wa kushoto. Ikachanika nusu.

Mlango wa nje ukagongwa. Mara tatu haraka, mara moja polepole. Mdogo wangu anagonga hivyo tangu utotoni.

"Mama, fungua! Barafu inayeyuka!" alisema nje, kwa sauti ya mtu asiye na neno na mtu. "Dada alipita dukani, lakini usijali, nimemtuliza."

Nilikuwa nimemwona akiirudisha. Nilikuwa nimesoma mwenyewe.

Bahasha ilikuwa bado kwenye meno yangu, sikuweza kusema wala kuiachia. Mama alikuwa amesimama kwenye fremu, vidole vinne chini ya alama yake, hatua moja kutoka kwangu. Akanitazama usoni, mimi mwanawe wa kwanza, akaweka kidole mdomoni. Akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Ingia, mwanangu. Niko peke yangu."